Kung'uta Viatu Kusiko na Nge

Katika nyumba yetu ya Al Amerat, nje kidogo ya Maskati, hakuna anayevaa kiatu bila kukikung'uta kwanza. Tumejenga chini ya vilima vya mawe, na nge walikuwapo kabla yetu. Unakishika kiatu kwa kisigino, unakipindua, unakigonga ukutani, unasubiri kidogo, ndipo unaingiza mguu. Mama amefanya hivyo tangu tuhamie, na kwa miaka yote hiyo kilichowahi kumdondokea ni changarawe, kifungo cha kanzu na, mara moja, hereni ambayo alikuwa ameshamshuku jirani kuwa kaiazima na hataki kuirudisha. Nge hajamwona hata mmoja. Yeye husema hiyo ndiyo dalili kwamba kukung'uta kunafaa.

Naanza na nge kwa sababu habari hii ni ya theluji, na Mama alipofika kwenye theluji alifikiri vizuri sana juu ya nge, akakosea.

Dada yangu mdogo anaishi na mumewe kaskazini ya mbali huko Uswidi. Alipopata mimba ya kwanza, hesabu ya miezi iliangukia katikati ya baridi yao, na Mama akatangaza kwamba atakwenda kumlea mzazi mpaka arobaini itimie, kama mamake alivyomlea yeye. Hakuomba ushauri. Alitutaarifu.

Tatizo lilikuwa mguu wa kushoto. Mama ana sukari, na sukari ilikuwa imeshaula ule mguu hisia zake zote chini ya kifundo. Ungeweza kuuchoma kwa pini naye akaendelea kukuhadithia arusi ya juzi. Khaloo, dada mdogo wa Mama anayeishi Azaiba, hapohapo Maskati, ana sukari hiyohiyo na amepoteza kidole kimoja kwa kidonda kilichoanza kwa ukanda wa ndara. Khaloo hukitaja kidole chake kama jamaa aliyehamia nchi ya mbali na hatuandikii. Sisi tunacheka, lakini tunaelewa. Mama akipata kidonda kwenye mguu usiosikia, kwenye nchi ya baridi, angeweza kurudi na mguu pungufu.

Nilimpeleka kwa daktari wake. Daktari, naye binti wa watu wa Unguja kama sisi, alimwambia Mama afumbe macho, kisha akachukua uzi mgumu mwembamba wa kupimia hisia.

"Bibi, nikikugusa sema."

"Nimeguswa," akasema Mama.

"Sijakugusa bado."

"Basi nnakusubiri."

Akamgusa mguu wa kulia, Mama akasema ndiyo. Akamgusa wa kushoto mahali pengi, Mama akauliza kama wameshaanza.

Daktari aliweka kalamu chini. "Sikukatazi safari," akasema. "Lakini mguu huu hausikii, kwa hiyo lazima uonwe. Kila siku, kwa macho, juu na chini na katikati ya vidole. Ukiona ngozi imechanika hata kidogo, siku hiyohiyo hospitali, na kutembea ndiyo basi. Si kesho."

"Na nani atautazama? Mwanangu atakuwa mzazi. Siwezi kumwambia mzazi ainame anitazame nyayo. Nnakwenda kumtumikia mimi."

Daktari akanigeukia. Mama akanigeukia. Nikasema nitautazama mimi, kwa simu. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya kuangalia theluji kwa kupitia wayo mmoja.

Kazi yangu halisi ni kukagua mizani za madukani. Sikusoma sana shuleni, lakini nimezoea kwamba kitu usichokijua hukijui tu mpaka ukikalie chini. Nikaikalia miguu. Nilisoma katika kitabu kimoja cha afya jinsi kidole kinavyopata baridi: huanza kuuma, halafu huwa cheupe kama nta, halafu kinaacha kuuma, na hapo ndipo pabaya. Nikaona papo hapo kwamba mguu wa Mama ungeanzia mwisho. Kwa hiyo alama pekee tuliyobaki nayo ilikuwa rangi. Nikamweleza Mama kwamba rangi ya ngozi yake sasa ndiyo ulimi wa mguu. Alinisikiliza kwa heshima kubwa, jambo ambalo lilipaswa kunitia wasiwasi.

Mabuti tuliyapata katika duka moja la Azaiba, barabara kuu, lenye rafu moja ya nguo za baridi kwa ajili ya wasafiri. Tulikwenda alasiri, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosogea, na kiatu kinachokutosha asubuhi hukubana jioni. Nilitaka buti ambalo vidole vitacheza ndani yake hata pamoja na soksi nzito za sufu, kwa kuwa kinachopasha mguu joto ni hewa iliyokaa tuli humo ndani. Buti likibana, hewa haina mahali na damu haina njia. Mama alisimama nayo mbele ya kioo. Nje ya duka watu walikuwa wanakunywa maji ya barafu.

"Nimekuwa askari," akasema.

"Yanakubana?"

"Mguu wa kulia unasema haubanwi. Wa kushoto muulize mwenyewe."

Nikapenyeza kidole changu nyuma ya kisigino, nikapima nafasi ya mbele kwa dole gumba, nikaridhika. Muuzaji alitutazama kama watu wanaonunua farasi.

Nyumbani tukafanya mazoezi ukumbini. Nilikuwa nimesoma kwamba kwenye barafu mtu huteleza akitembea kwa madaha, akitanguliza kisigino. Atembee kwa hatua fupi, wayo wote ukishuka pamoja, magoti yakilegea kidogo, mikono nje ya mifuko. Nilimwonyesha. Mama aliniangalia nikienda na kurudi kama bata, akasema, "Kumbe unataka nitembee kama nimebeba mtungi." Akanyanyua kichwa, akatembea. Ilikuwa sawasawa kabisa, na bora kuliko yangu. Alijifunza utotoni Unguja, na mtungi wenyewe, na maji yenyewe.

Jambo lililobaki lilikuwa udhu. Mguu uliolowa ukiingizwa kwenye soksi, soksi hulowa, na soksi iliyolowa kwenye baridi ni mbaya kuliko kutovaa. Na Mama hutia udhu kwa kila sala. Wenzetu wa madhehebu mengine wanaruhusiwa kupangusa maji juu ya soksi za ngozi, zile ambazo vitabu vya fiqhi huziita khofu. Sisi kwetu mguu huoshwa. Nilijua hivyo, lakini nikaona nimtajie tu, kwa ukamilifu wa habari.

"Khofu zao wapanguse wao," akasema Mama. "Khofu yangu mimi ni wewe na hicho kitabu chako."

Basi tukakubaliana juu ya taulo. Taulo ndogo ya pamba, ya miguu peke yake, ipite katikati ya kila vidole viwili mpaka ikitoka ikiwa kavu. Mashine ya kukaushia nywele marufuku. Kuweka miguu karibu na hita marufuku, kwa sababu mguu usiosikia baridi hausikii moto pia. Maji ya kuoshea yajaribiwe kwa kiwiko, kama ya kumwogeshea mtoto. Mafuta yapakwe juu na chini ili baridi kavu isipasue ngozi, lakini katikati ya vidole yasipakwe, kwani hapo unyevu hukaa na kuozesha. Mama akayarudia yote bila kukosea. Nilijiona mwalimu.

Siku ya safari nilimkuta ameshavaa soksi za sufu, na Maskati siku hiyo ilikuwa bado inahitaji kiyoyozi.

"Mbona umevaa mapema hivyo?"

"Nnajizoesha," akasema Mama.

Nikamsifu. Khaloo, aliyekuwa ameketi kando yake, aligeuka akatazama ukuta kwa makini.

Mama alipofika, na dada, aliyekuwa ameshajifungua, aliponipigia simu ya video, nikaelewa kwa nini ukuta ulikuwa unavutia. Mama aliweka simu sakafuni, akakaa kitini, akanyanyua mguu juu ya kamera. Nikaona wayo mzima, mweusi tii kutoka kisigino mpaka ncha za vidole.

"Mama, mguu umekuwa mweusi."

"Ni hina."

"Hina."

"Khaloo wako kanitia. Ulitaka niende kwa mzazi na miguu mitupu kama nnakwenda hospitali?"

Nikamweleza tena, polepole, kuhusu rangi na ulimi wa mguu. Akasema amenielewa mara ya kwanza, ndiyo maana alivaa soksi. Nikampigia Khaloo. Khaloo akasema mimi ni mwanamume na nisiingie mambo ya hina, kisha akaniuliza kama imeshika vizuri. Nilisema imeshika. Ilikuwa imeshika hivyo kwamba kucha zenyewe zilikuwa za rangi ya kahawa iliyochemka, na hapakuwa na mahali hata pamoja pa kutazama rangi ya damu.

Nilibaki na kazi ya kutazama kitu kilichofunikwa. Kila siku baada ya Maghrib, ambapo kwao ni mchana na jua limeshakaribia kuzama, Mama alinyanyua mguu juu ya simu nami nikautazama. Dada mara nyingi alikuwa kando ananyonyesha, na sauti ya mtoto ilikuwa inasikika kama paka mdogo ndani ya kabati. Kwa kuwa rangi ilikuwa imeniziba, nilimwambia Mama aweke mgongo wa mkono wake kwanza juu ya mguu wa kulia, halafu wa kushoto, aniambie kama joto lao linalingana. Alifanya. Alikuwa akisema, "Ndugu wawili, mmoja mkimya," na hiyo maana yake ni sawa.

Siku moja simu haikushika vizuri nikamwomba anitumie picha badala yake. Mama aliituma picha ya wayo wake kwenye kundi la ukoo. Nilikuwa naendesha kurudi kutoka kazini nikiwa kwenye mteremko wa Al Amerat, simu ikaanza kutikisika kitini, nikasimama pembeni nikidhani pana msiba. Watu wa ukoo walikuwa wanamsifia hina. Binamu mmoja aliuliza ni bei gani. Mwingine, ambaye hafungui picha, alikuwa ameshaandika "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" na kuuliza mazishi ni lini. Mama akamjibu kwa ujumbe wa sauti kwamba atamjulisha.

Katika wiki ya pili niliona doa.

Lilikuwa chini ya dole gumba la kushoto, pale wayo unapokanyaga kwa uzito. Weusi wa hina ulikuwa umekatika, na mahali pale palikuwa peupe, padogo kama punje ya dengu. Nilimwambia Mama asogeze mguu karibu na dirisha.

"Hapo hina imetoka," nikasema.

"Hina hutoka. Si rangi ya gari."

"Hutoka taratibu, kote. Haikatiki hivi."

"Basi Khaloo wako aliacha tundu."

Ilikuwa inawezekana. Nilimpigia Khaloo, nikauliza kwa adabu kama pengine aliacha tundu chini ya dole gumba.

"Mimi," akasema. "Niache tundu."

"Nauliza tu, Khaloo."

"Nimetia hina maarusi wa nyumba hii wote, na mama zao. Wayo wa dadangu niuache na tundu kama ungo mbovu? Kamtazame mamako mguu, wacha kunitazama mimi."

Hiyo ilinitosha. Hina hushika ngozi ya juu. Penye doa jeupe ngozi ya juu haipo, imeng'oka pamoja na rangi yake. Nikampigia dada, si Mama, nikamwambia aweke mtoto chini atazame kwa macho yake. Alisema pana unyevu pembeni, kama lengelenge lililopasuka. Nyuma yake nikamsikia Mama.

"Usiiname, mwanangu. Usiiname, umeshonwa."

"Mama, ni kidonda," akasema dada.

Mama akaufunika mguu kwa kanga.

"Kutembea basi," nikasema. "Siku hiyohiyo."

"Nnajua alivyosema daktari," akasema Mama taratibu. "Nilikuwapo. Nilikuja kumtumikia huyu."

Mkwe wetu aliwasha gari akampeleka. Kabla hawajatoka nikaomba buti la kushoto lipinduliwe. Dada akalishika kisigino, akaligonga kwenye ukuta kama tufanyavyo Al Amerat, na kitu kikaanguka sakafuni kikadunda. Akakiokota akakisogeza mbele ya simu. Ilikuwa karafuu.

Mama, siku ya kufunga mizigo, hakupenda harufu ya ngozi mpya ndani ya yale mabuti. Alifunga karafuu katika vipande viwili vya kanga kuukuu akavitia kila kimoja ndani ya buti, na alipofika akavitoa. Fundo moja lilikuwa limelegea, punje moja ikabaki. Mguu wa kulia ungepiga kelele hatua ya kwanza. Wa kushoto ulitembea nayo mpaka kliniki ya mtoto na kurudi, ukaivumilia, haukusema neno.

"Lakini Mama," nikamwuliza baadaye, "wewe hukung'uti viatu?"

"Hukung'uta. Kwetu."

"Na huko?"

"Huku nje kila kitu kimekuwa barafu. Nge gani ataishi huku? Nilifikiri kwa akili yangu nikaona hakuna haja."

Siwezi kusema alifikiri vibaya. Mimi nilimfundisha soksi, taulo, kiwiko na mtungi, na sikumfundisha kukung'uta kiatu kwa sababu alikuwa akikung'uta tangu kabla sijajua kufunga kamba. Nilihesabu kwamba tabia itasafiri naye. Kumbe tabia ile ilikuwa na sababu yake, na sababu ilibaki Oman.

Hospitalini walisafisha, wakakata ngozi iliyokufa, wakafunga, wakasema kidonda bado ni cha juu na hakijagusa nyama. Wakampa kiatu cha wazi kikubwa kinachouzuia uzito usikae mbele, na amri ya kukaa kitini. Muuguzi aliuliza juu ya rangi ile nyeusi. Mkwe wetu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alijaribu kueleza. Muuguzi alitazama tena, akasema kama si rangi ile kidonda kisingeonekana mapema hivi, maana ngozi iliyong'oka kwenye wayo mtupu hufanana na wayo.

Mama alinipigia yeye mwenyewe kunipa habari hiyo. Hakusubiri Maghrib.

"Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia."

"Hina yangu ndiyo iliyokuonyesha. Wewe ulitaka niioshe."

"Nilitaka usiitie, Mama."

"Ndiyo hivyo nnavyosema."

Yaliyofuata yalikuwa ya kukaa. Mama alikaa kwenye kiti cha dirishani, mguu juu ya mto, na dada akawa anamletea mtoto pale, anamweka kifuani kwake, anakwenda kulala. Mama alikuwa amekwenda kumtumikia mzazi jikoni, kumpikia uji wa pilipili manga na kumkanda maji. Sasa akawa anaelekeza uji kwa sauti kutoka kitini, na mkwe wetu anaukoroga. Uji wa kwanza ulikuwa mabonge. Wa tatu, Mama alisema, ungeweza kuliwa na mtu asiye na chaguo. Nilimwuliza kama anasikitika. Akasema mtoto hajui kama bibi yake amesimama au amekaa, anajua kifua tu. Halafu akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba aliogopa watamrudisha.

Hawakumrudisha. Kila jioni niliangalia bandeji, na siku za kubadilisha bandeji niliangalia lile doa. Lilipungua kutoka dengu mpaka mtama, kisha likafunikwa na ngozi mpya ya waridi, na kandokando hina ikawa inafifia kuwa rangi ya chai. Nilijikuta naipenda ile hina. Nilimpigia Khaloo nikamwuliza, kama ingehitajika, ingewezekana kumtumia Mama kidogo.

"Ya nini?" akauliza Khaloo.

"Ya kuangalizia."

"Leo hina imekuwa dawa. Mimi na kidole changu tumekusikia."

Hakutuma posta. Alimpa mtu aliyekuwa anasafiri, pamoja na ujumbe kwamba mkwe ndiye aipake, kwa kuwa ameshajua kukoroga.

Arobaini ilipotimia walitaka kumtoa mtoto nje. Muuguzi alikuwa amesema Mama anaweza kutembea kidogo, kwa buti lake, juu ya theluji iliyokandamizwa. Dada aliwasha kamera mlangoni. Mama alikaa kwenye kigoda, akavaa soksi mbili baada ya kupitisha mkono ndani yake kutafuta mikunjo. Akalichukua buti la kulia, akalipindua, akaligonga. Akalichukua la kushoto, akalipindua, akaligonga, akaingiza mkono mpaka ndani, akausubirisha humo. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye mablanketi kiasi cha kuonekana pua tu.

"Hakuna nge," akasema Mama kwangu.

"Hakuna karafuu?"

"Hiyo ndiyo nnayosema."

Akasimama. Akanyanyua kichwa, akatoka na mtungi wake usiokuwapo, hatua fupi, wayo wote pamoja, mkwe akimshika kiwiko, mtoto kifuani kwa dada. Dada alibaki nyuma kidogo, na labda kwa mazoea aliielekeza simu chini. Nikaona alama za mabuti juu ya theluji, kushoto na kulia, zimezama sawasawa. Nilizitazama moja moja kuona kama upande wa kushoto unakanyaga kwa ukingo. Nilikuwa bado nazitazama niliposikia Mama akimwuliza dada kaka yake kanyamazia nini.

"Anatazama miguu," akasema dada.

"Mwambie hizo ni alama tu. Miguu yenyewe nnayo mimi huku mbele."